Maumivu sugu ya mwili: tiba za mafuta na mikono zina nafasi yake, na mipaka yake

  

Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia mtihani ulioingia katika nyumba zetu nyingi, nao ni maumivu sugu ya mwili: ya mgongo, kiuno, nyonga, magoti na mabega. Wataalamu wa afya huyahesabu maumivu kuwa ni sugu pale yanapodumu kwa zaidi ya miezi mitatu. Mwenye nayo si mgonjwa wa kulazwa, wala si mzima wa kutembea kwa raha. Hula na kucheka na wenziwe mchana, lakini usiku hujigeuza kitandani akiugulia, na alfajiri huhitaji kushikwa mkono ili ainuke akatie udhu.

Mara nyingi ni msikitini ndipo mtihani huu unapoonekana kwa mara ya kwanza. Mzee aliyezoea safu ya mbele huanza kusogea karibu na nguzo apate pa kujishikia. Baada ya muda huletewa kiti. Uislamu umempa rukhsa hiyo kwa wema mkubwa, kwani Imran bin Huswayn (r.a.), aliyekuwa akisumbuliwa na bawasiri, alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, alielekezwa aswali kwa kusimama, akishindwa aswali kwa kukaa, na akishindwa aswali kwa ubavu. Hadithi hiyo ameipokea Imam Bukhari. Hata hivyo, rukhsa ya kukaa haikuja kumzuia mja asitafute dawa ya kumsimamisha tena.

Katika Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, riziki ya watu wengi hupita mgongoni na magotini. Anayepandikiza mpunga huinama tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mkulima wa tumbaku na wa ufuta anainama naye. Mchimbaji mdogo wa dhahabu huingia shimoni akiwa amejikunja na hutoka na mfuko wa mawe begani. Mama mwenye nyumba hubeba ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni. Baada ya miaka thelathini ya kazi za namna hiyo, viungo hudai haki yao.

Mama mkubwa na unga wa kwenye pakiti

Tunaye mama mkubwa wetu anayeishi Mpanda, ambaye umri wake umepita sabini. Miaka yake mingi ameimaliza katika majaruba ya mpunga. Kwa muda mrefu alikuwa akilalamikia kiuno na magoti, naye alitwambia zaidi ya mara moja kwamba linalomliza si maumivu yenyewe, bali ni kuswali mwaka mzima bila paji la uso wake kugusa mkeka.

Alianza na vidonge vya kutuliza maumivu vya dukani, akivimeza kila siku bila kupimwa, mpaka tumbo likaanza kumuunguza. Ndipo akatokea mchuuzi mmoja wa dawa aliyempa unga katika pakiti isiyo na maandishi yoyote, akamwambia ni dawa ya asili ya Kihindi, haina kemikali na haina madhara. Siku ya tatu mama mkubwa alisimama mwenyewe. Siku ya saba alikwenda sokoni kwa miguu. Nyumba nzima ilishukuru, na majirani wakaanza kuulizia pakiti zao.

Furaha ile haikudumu. Baada ya miezi michache uso wake ulivimba ukawa mviringo, ngozi ya mikono ikawa inavilia damu kwa kuguswa tu, na shinikizo la damu na sukari vikapanda. Daktari aliyempokea aliomba kwanza kuiona ile pakiti. Alitueleza kwamba hawezi kusema kilichomo bila kipimo cha maabara, lakini dalili zile ni zile zile za mtu aliyemeza kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi, na kwamba si jambo geni duniani kukuta dawa za hospitali zimesagwa na kuchanganywa kwa siri ndani ya unga unaoitwa wa asili. Alitukataza kumwachisha ghafla, kwa sababu mwili uliozoea dawa hizo huweza kuanguka vibaya zikikatwa kwa siku moja. Alimpunguzia taratibu chini ya uangalizi, na maumivu yakarudi.

Hapo ndipo tulipolazimika kujiuliza: hiyo tiba ya Kihindi ni kitu gani hasa, na je, ndani yake limo la kumfaa mama yetu bila ya kumdhuru?

Tiba ya Kihindi na jamaa zake

Tiba ya jadi ya Wahindi huitwa Ayurveda, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kisanskriti, moja lenye maana ya uhai na jingine lenye maana ya elimu. Vitabu vyake vikongwe vinavyojulikana zaidi vinanasibishwa na matabibu wawili, Charaka na Sushruta. Msingi wake ni kwamba mwili wa mwanadamu huendeshwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, ambazo kwa Kiswahili twaweza kuzikaribia kwa kusema upepo, nyongo na ute. Maumivu ya viungo kwao ni kazi ya upepo uliozidi, ambao tabia yake ni baridi na ukavu. Kwa hiyo tiba yake ni kinyume cha tabia hiyo, yaani joto na mafuta.

Msomaji atazame sasa jina tunalolitumia sisi wenyewe kwa maradhi ya viungo: baridi yabisi. Yabisi ni ukavu. Jina hilo limetufikia kutoka katika tiba ya Kiarabu, ambayo nayo ilipima maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Mzizi wa tiba hiyo ulikuwa wa Kiyunani, lakini matabibu wa Kiislamu hawakuona haya kujifunza pia kwa Wahindi. Zama za Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala Baghdad kuanzia mwaka 786 hadi 809, matabibu wa Kihindi waliitwa huko na vitabu vyao vikafasiriwa. Mwaka 850 tabibu Ali bin Rabban at-Tabari alipomaliza kitabu chake kiitwacho Firdaws al-Hikma, alitenga sehemu maalumu kueleza tiba ya Wahindi. Walichukua lenye manufaa, wakalipima, na wakaliacha lisiloafiki akili wala dini.

Katika ardhi yetu pia elimu hizi zilikutana zamani. Wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch walifika pwani na kuingia bara hadi Tabora. Mwarobaini, mti ambao Waswahili waliuita hivyo kwa kuamini kwamba unatibu maradhi arobaini, asili yake ni huko Bara Hindi, na ni miongoni mwa miti inayotajwa sana katika Ayurveda.

Tiba za mwili za Ayurveda zenyewe si ngeni kwetu. Iko abhyanga, ambayo ni kumpaka mgonjwa mafuta ya vuguvugu, aghalabu ya ufuta, na kumchua mwili mzima kwa utaratibu. Iko swedana, ambayo ni kumtoa jasho kwa mvuke, nasi twaijua kwa jina la kujifukiza. Iko kati basti, ambapo kiunoni hujengwa ukingo wa unga uliokandwa, mithili ya kisima kidogo, kisha humiminwa humo mafuta ya vuguvugu na kuachwa yapenye joto lake. Viko vifurushi vya kitambaa vilivyojazwa majani au wali wa moto, ambavyo hugandamizwa juu ya kiungo kama bibi zetu walivyokanda kwa chumvi ya moto. Hata kutoa damu kwa pembe ya mnyama kumetajwa katika kitabu cha Sushruta, na Waswahili wana neno lao la tangu kale kwa kazi hiyo: kuumika, au kupiga chuku.

Kwa hiyo mtu wa Mpanda anayesikia habari za Ayurveda asidhani amesikia muujiza kutoka ng'ambo. Sehemu kubwa ya tiba zake za mwili ni kuchua, kukanda na kufukiza, na ufuta wenyewe unalimwa Katavi.

Kinachopakwa na kinachomezwa

Hapa, ndugu msomaji, ndipo tunapoomba utulie kidogo, kwa maana ndipo penye mpaka. Mafuta yanayopakwa nje ya mwili ni jambo moja, na unga unaomezwa ni jambo jingine kabisa.

Katika Ayurveda limo tawi linalotumia madini kwa makusudi, ikiwemo zebaki na risasi, kwa kuamini kwamba yakichomwa na kusafishwa mara nyingi huwa dawa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda za kumeza katika maduka ya eneo la Boston, wakazipima, na wakakuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2008 walirudia kazi hiyo kwa dawa 193 zilizouzwa kwa njia ya intaneti, na takriban moja kati ya kila tano ilikutwa na madini hayo. Maana yake si kwamba kila dawa ya Kihindi ni sumu, kwani nyingi hazikukutwa na kitu. Maana yake ni kwamba mnunuzi hawezi kuzitofautisha kwa macho wala kwa ulimi.

Watu wa Mpanda hawahitaji kuelezwa risasi na zebaki ni nini. Reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa takriban kilomita 210, ilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi yaliyochimbwa hapo. Na zebaki ndiyo ambayo wachimbaji wadogo huitumia mpaka leo kukamatia dhahabu. Mchimbaji anayeonywa kutokuvuta moshi wa zebaki machimboni atakubalije mama yake aimeze nyumbani kwa kijiko? Risasi ikiingia mwilini hudhuru damu, figo na ubongo, na wanaoumia zaidi ni mimba na watoto wadogo. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kwa Muislamu yapo na mengine ya kuuliza kabla ya kumeza. Baadhi ya dawa za Ayurveda za majimaji huchachishwa na kutengeneza pombe ndani yake, na nyingine hutiwa mkojo wa ng'ombe. Muuzaji asiyeweza kutaja kilichomo katika dawa yake hana haki ya kuingiza mkono mfukoni mwetu.

Tulichojaribu, na tulichokiona

Baada ya mama mkubwa kuepukana na ule unga, tulimshauri daktari kuhusu tiba za nje ya mwili. Hakuzikataa. Na kwa hakika sayansi ya leo haizikatai. Shirika la Afya Duniani, ambalo linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu hayo yanapokuwa sugu. Miongoni mwa yaliyopendekezwa ni kumwelimisha mgonjwa, mazoezi, na baadhi ya tiba za mikono ikiwemo kuchua. Mwongozo huo huo umeonya dhidi ya kuyatibu maumivu hayo kwa dawa kali za jamii ya afyuni.

Tulianza, basi, kwa kitu chepesi. Mafuta safi ya ufuta yalitiwa katika bakuli, na bakuli likawekwa ndani ya maji ya moto mpaka mafuta yakawa vuguvugu, wala hayakuwekwa motoni moja kwa moja. Binti yake aliyajaribu kwanza juu ya kifundo cha mkono wake mwenyewe, kwa kuwa ngozi ya mtu mzima, hasa mwenye sukari, huungua bila mwenyewe kuhisi. Baada ya swala ya Isha alimchua kiuno, mapaja na miguu kwa muda wa dakika ishirini, akifuata urefu wa misuli na kuzunguka viungo taratibu pasipo kuvivuta wala kuvialisha. Kisha alifunika kiuno kwa taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa. Hayo yalifanywa siku tatu kila wiki. Asubuhi alifanya mazoezi aliyofundishwa hospitalini: kuinuka kitini na kukaa tena mara kumi, kunyoosha goti, na kutembea kila siku akiongeza hatua.

Juu ya kalenda ya ukutani tuliandika kila Ijumaa mambo mawili: maumivu yake kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, na muda anaoweza kutembea bila kupumzika. Tulifanya hivyo ili tusijidanganye, kwani mtu anayetaka kupona huona nafuu hata isipokuwepo. Wiki ya kwanza kipimo kilikuwa nane. Wiki ya sita kilikuwa tano. Usingizi ulirudi kabla ya kitu kingine chochote. Magoti hayakuwa ya msichana, wala hatukutarajia hivyo, lakini ilifika siku akaomba kiti kiondolewe na mkeka utandikwe, akaswali hali amekaa chini, na kusujudu akasujudu.

Tukilinganisha mambo mawili haya tunapata funzo. Unga ulimsimamisha kwa siku tatu na ukambomoa kwa miezi. Mafuta, joto, mikono ya binti yake na mazoezi vilichukua wiki sita kumpa nusu ya nafuu ile, lakini havikumwibia kitu. Tiba ya mwili isiyo na hila aghalabu huenda polepole.

Maumivu yasiyotibika kwa mafuta

Hata hivyo, si kila maumivu ya mgongo ni ya kuchuliwa. Mkoa wa Katavi una wafugaji wengi, na yapo maradhi yatokanayo na mifugo yaitwayo brusela, nasi huyajua zaidi kwa kuwatupisha mimba ng'ombe. Mwanadamu huyapata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kwa kumzalisha mnyama mwenye maradhi, na dalili zake ni homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku, na maumivu ya viungo na mgongo yasiyoisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu eneo la ikolojia ya Katavi na Rukwa ulikuta dalili za maambukizi hayo katika damu ya watu, ya mifugo na ya wanyamapori. Mgonjwa wa namna hiyo achuliwe mwaka mzima kwa mafuta ya dunia nzima, hatapona, kwa sababu anachohitaji ni kipimo cha damu na dawa za kuua vijidudu. Kadhalika kifua kikuu huingia katika uti wa mgongo, na selimundu huwatesa vijana wetu kwa maumivu ya mifupa.

Kwa hiyo kabla ya mafuta, na kabla ya tabibu yeyote wa jadi, mgonjwa apelekwe hospitali haraka akiwa na mojawapo ya haya: homa au kukonda bila sababu, ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, mguu kulegea, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, au maumivu yasiyopungua hata anapolala. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usichuliwe hata kidogo, kwani huenda ndani yake limo bonge la damu ambalo mikono italisukuma hadi mapafuni. Mjamzito naye asichuliwe tumbo na kiuno pasipo ushauri wa mkunga.

Nchi yetu ilipata somo mwaka 2011, pale maelfu ya watu walipomiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Wapo waliotoka katika vitanda vya hospitali, na wapo walioacha dawa zao za kila siku. Tiba ya jadi hudhuru zaidi pale inapomfanya mgonjwa atupe ile aliyokuwa nayo.

Kuumika na wembe

Katika tiba za mwili, iliyo karibu zaidi na nyoyo za Waislamu ni hijama, yaani kuumika. Mtume (s.a.w.) aliitaja pamoja na asali kuwa ni miongoni mwa njia za kupatia shifaa, na yeye mwenyewe aliumikwa. Asali nayo imetajwa katika Suratun Nahl, aya ya 69, na watu wa Katavi, ambao misitu yao ya miombo ni makazi makubwa ya nyuki, wana bahati ya kuipata kwa wingi.

Lakini utukufu wa hijama hauutakasi wembe mchafu. Wembe uliotumika kwa mtu mmoja ukamgusa wa pili huweza kumwambukiza virusi vya ukimwi na homa ya ini. Kila mgonjwa ana haki ya kuona wembe mpya ukifunguliwa mbele yake, glavu mpya mikononi mwa mtabibu, na vikombe vilivyo vipya au vilivyotakaswa kwa njia ya hospitali. Mwenye upungufu wa damu, mwenye selimundu, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, na mjamzito wasiumikwe bila kauli ya daktari. Anayeona aibu kuomba wembe mpya akumbuke kwamba aibu hiyo huenda akailipia maisha yake yote.

Adabu za kisheria

Wanazuoni wamefundisha kwamba asili ya tiba ni kuruhusiwa, mradi isiwe na haramu wala dhara. Mwanamke atibiwe na mwanamke na mwanamume na mwanamume, na dharura ikilazimisha vinginevyo, kifunuliwe kiasi cha haja tu, na mahramu awepo. Katika Ayurveda twachukua mafuta na joto, lakini tunayaacha maneno ya ibada ambayo baadhi ya watu huyasoma wakati wa tiba. Mafuta yaliyobaki mwilini hayabatilishi udhu; yakiwa tabaka zito linalozuia maji kufika kwenye ngozi, yaoshwe kwanza. Ama kutoka damu kwa kuumika, madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, hayaoni kwamba kunavunja udhu, ilhali Mahanafi wanaona hivyo, na mwenye kutawadha tena ametoka katika khitilafu.

Jambo kubwa kuliko hayo ni kutofautisha tabibu na mpiga ramli. Mara nyingi mgonjwa wa kiuno huendewa na mtu anayeanza kwa mafuta na kumalizia kwa kutaja jina la jirani aliyemroga. Huko magharibi ya nchi yetu na Kanda ya Ziwa, kauli kama hizo zimewahi kumwaga damu za vikongwe na za ndugu zetu wenye ualbino, hata Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015. Anayetaja mchawi badala ya kutaja maradhi si tabibu, na kikao chake kivunjwe hapo hapo.

Sheria ya nchi nayo inatusaidia. Tangu mwaka 2002 Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23, iliyounda Baraza la kusajili watoaji wa tiba hizo. Familia ina haki ya kuomba kuona cheti cha usajili, na kumuuliza mratibu wa tiba asili katika halmashauri yake. Sharti hilo halipingani na dini, bali linaafikiana nayo, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba anayejitia kutibu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Hadithi hiyo ameipokea Abu Daud.

Nasaha yetu kwa familia

Kabla ya kujaribu tiba yoyote ya mwili, tunawanasihi wazee na vijana washike mambo haya. Kwanza, ijulikane sababu ya maumivu kwa kipimo. Pili, kisimezwe kitu kisicho na jina, viambato na mahali kilipotengenezwa. Tatu, daktari aambiwe kila dawa inayotumiwa, ya hospitali na ya jadi, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua. Nne, tiba ipewe muda maalumu, kama wiki sita, na nafuu iandikwe, isipoonekana, iachwe. Tano, dawa ya shinikizo la damu, ya sukari au ya ukimwi isisimamishwe kwa ajili ya mafuta wala kikombe.

Amesimulia Usama bin Sharik (r.a.) kwamba mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja, nao ni uzee. Ndani ya hadithi hiyo iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi imo faraja na imo tahadhari. Anayemwahidi mama wa miaka sabini magoti ya miaka ishirini amemwahidi kitu ambacho Mtume (s.a.w.) hakukiahidi. Lakini uzee usio na dawa hauzuii wema. Bakuli la mafuta ya vuguvugu, taulo la moto, na mwana anayepiga magoti kila baada ya Isha kumchua mzazi wake, hayo yanapatikana katika nyumba ya kila mmoja wetu, na thawabu zake hazisubiri maumivu yaishe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wenye maumivu, na awajaalie matabibu wetu ukweli na elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.